Maji Ukiyavulia Nguo: Kuisoma Upya Kinjeketile Njiani Kwenda Kilwa

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mimi nilikuwa ndani ya basi kuelekea kusini. Tulifika karibu na Somanga, tukaishia hapo. Maji yalikuwa yameikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na mbele yetu kulikuwa na foleni ya malori na mabasi ambayo mwisho wake huuoni. Sikuwa nasafiri kwa matembezi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa amefariki Kilwa Kivinje alfajiri ile, na kwetu maiti hacheleweshwi. Nilijua wakishasali adhuhuri watamtoa. Ilipofika alasiri nikapigiwa simu: tumeshamzika, wewe njoo tu, utafika ukifika.

Watu wa kwenye foleni walinipa pole. Mama mmoja akanimegea mkate wake wa kumimina, akaniambia, "Ndiyo majaaliwa, mwanangu. Usimkasirikie Mungu." Nikamwitikia, "Ahsante, mama." Lakini moyoni nilikasirika kweli. Sikumkasirikia Mungu wala yule mama. Nililikasirikia neno. Majaaliwa. Kwetu pwani neno hili halina likizo. Mtu kafa baharini, majaaliwa. Mtoto kaacha shule, majaaliwa. Barabara imekwenda na maji, majaaliwa. Neno linafuta machozi, sawa, ila likishamaliza machozi linaendelea kufuta na maswali.

Kwenye begi nilikuwa na nakala ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein. Mimi ni mwalimu wa fasihi, kwa hiyo kitabu hiki nimekisoma mara nyingi mno, na karibu mara zote nilikisoma kwa ajili ya mtu mwingine: dhamira, wahusika, mandhari, jadili kwa kutoa hoja nne. Usiku ule nilikisoma kwa mwanga wa simu bila kumwandalia mtu maswali. Niliona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakipita. Nataka kukieleza hapa, maana nadhani tamthilia hii ina jambo la kutuambia kuhusu hilo neno majaaliwa, na jambo lenyewe silo tulilozoea kulifundisha.

Tuanze na mwandishi. Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943. Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969, wakati ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kinafukua upya habari za vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa wametoa kumbukumbu za vita hivyo, na wanafunzi walikuwa wakitumwa vijijini kuwasikiliza wazee. Nchi ilikuwa changa na ilitaka mashujaa. Wengi wangetegemea kijana wa Kilwa aandike tamthilia ya kupiga makofi: shujaa anasimama, Mjerumani anatetemeka, pazia linashuka. Hussein hakuandika hiyo. Aliandika habari za mtu aliyepata shaka.

Na Kilwa ni mahali pa kumfundisha mtu shaka. Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 akakuta mji wa kusifiwa. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida wakauvamia na kuupora. Leo msikiti mkuu na Husuni Kubwa ni kuta zinazotazamwa na wageni. UNESCO waliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981, wakaziweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, wakazitoa humo mwaka 2014. Ng'ambo, Kilwa Kivinje, wazee wanakuonyesha palipokuwa na Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mtoto anayekulia kati ya magofu na mwembe wa kunyongea watu angeweza kujifunza somo moja tu: kila kitu huisha, tulia. Washairi wetu wa pwani wamelifundisha somo hilo vizuri. Al-Inkishafi inayatazama magofu ya Pate na kuuonya moyo usidanganyike na dunia. Ni utenzi mkubwa na mimi naupenda. Lakini Hussein alitoka katikati ya magofu na swali jingine kabisa: dunia ikishakudanganya, na ukajua kwamba imekudanganya, unafanyaje kesho yake asubuhi?

Kwa ambaye hajaisoma au aliisoma zamani, nikumbushe kwa ufupi. Wamatumbi wanalimishwa pamba ya Mjerumani. Kuna njaa, tamthilia inaanza na wanawake wakizungumza habari za chakula ambacho hakipo. Kuna mnyapara anayetaka binti wa watu. Wanaume wanakutana usiku, wanapanga, lakini kila kabila lina mashaka na jirani yake. Kinjeketile anajifungia ndani, hasemi na watu. Kisha anatoka kama mtu aliyepagawa, anavutwa na mzimu Hongo hadi ndani ya mto Rufiji, na kesho yake anaibuka akiwa mkavu. Anakuja na maji ambayo, anasema, yatazifanya risasi za Mjerumani zisidhuru. Watu wanamwamini. Makabila yanaungana, jambo ambalo hoja za vikaoni zilishindwa kulifanya.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo darasani huwa tunaikimbia. Katika maneno aliyoyasema Kinjeketile akiwa katika hali ya kupagawa, alisema kwamba wakishashinda watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani Sultani wa Unguja. Kichwa kinapotulia, analisikia neno lake mwenyewe na anashtuka. Kumtoa Mjerumani ili tumwingize Mwarabu? Huo ni uhuru gani? Anaanza kujiuliza kama Hongo alimdanganya, au kama hakuna Hongo na yote yalitoka kichwani mwake. Kuanzia hapo anataka watu wasubiri. Watu hawataki kusubiri tena. Rafiki yake Kitunda, mtu wa akili ya vita, anabaki kuongoza jeshi linaloamini jambo ambalo mwenyewe aliyelileta haliamini. Kinjeketile anakiona kilichotokea: mtu huzaa neno, neno likakua, likampita kimo mzazi wake. Vita vinaanza. Bunduki zinalia, maji yanabaki maji, watu wanaanguka.

Mwisho wake tunaujua. Kinjeketile na Kitunda wamefungwa, wamepigwa. Mjerumani anataka kitu kidogo tu: Kinjeketile aseme mbele ya watu kwamba maji ni uongo. Kitunda naye anamsihi aseme, kwa sababu ni kweli, na wote wawili wanajua ni kweli. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akisema hivyo, kesho Mjerumani atawaambia watoto wao kwamba waliopigana walikosea kupigana. Anakwenda kufa na neno lake.

Sasa, miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba hapa Kinjeketile anaonyesha ushujaa na uzalendo. Wanaandika, wanapata alama, maisha yanaendelea. Lakini ukikaa barabarani usiku, umekosa mazishi ya mtu aliyekulea, neno "ushujaa" halitoshi. Mtu huyu amedanganywa. Labda amejidanganya mwenyewe. Watu wamekufa kwa neno lake. Hana namna ya kulirudisha. Swali lililobaki ni moja tu: atayabebaje haya? Na hapo ndipo nilipoona kwamba tamthilia nzima ni darasa la namna za kuyakubali yaliyokupata, na kwamba Hussein ameziweka namna hizo kwa mpangilio, moja baada ya nyingine.

Namna ya kwanza ni ya mwanzoni kabisa mwa mchezo: kukubali kwa kuchoka. Njaa ipo, pamba ipo, mnyapara yupo, basi tufanyeje. Hii ndiyo majaaliwa ya kwenye foleni. Tamthilia haiwacheki watu hawa, kwa sababu wamechoka kweli. Lakini inaonyesha kwamba uchovu wao ni chakula cha Mjerumani. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na katika mchezo huu nyumba hiyo ina wapangaji wengi.

Namna ya pili ni maji yenyewe. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ninataka kusema jambo ambalo linaweza kuudhi. Maji yaliwaunganisha watu, na kwa hilo yalikuwa na ukweli wake. Lakini ndani ya imani ile kulikuwa na ahadi nyingine: kwamba unaweza kuingia vitani bila gharama ya vita. Risasi itakuja, haitakudhuru. Huko ni kuikataa shida kwa kujifanya haipo. Na sote tunayo maji yetu. Mwanafunzi anayevaa hirizi ya mtihani, kijana anayetuma pesa yake ya mwisho kwa mtu wa mtandaoni aliyemwahidi utajiri, mimi niliyekuwa najiambia kila Idi kwamba Bibi yupo tu, nitakwenda mwaka ujao. Hayo nayo ni maji. Tunajipaka, tunajiambia wakati haututoboi.

Namna ya tatu ni ya pale gerezani. Kinjeketile hana maji tena, na hajarudi kwenye uchovu. Anajua gharama, anajua kosa, anajua mwisho. Anakubali kifo chake. Kuna kitu kimoja tu anachokataa, na kukataa huko ndiko kunakoipa kukubali kwake thamani: anakataa Mjerumani awe ndiye mfasiri wa kilichowapata. Tuliangukia hapa, ndiyo. Lakini kwa nini tulisimama, hilo hutatueleza wewe.

Nadhani hii ndiyo nguzo ya kitabu. Kuyakubali yaliyokupata ni jambo moja. Kuyakubali maelezo ya mwingine kuhusu yaliyokupata ni jambo jingine. Tumeyachanganya mambo haya mawili kwa muda mrefu mno. Mtu mwenye nguvu akishakuumiza, huwa anakuja mara ya pili na maelezo: ulikuwa na kichwa kigumu, ulikuwa mjinga, ndivyo Mungu alivyopanga. Pigo la kwanza huenda huna uwezo nalo. La pili unao.

Wenzetu wa falsafa wana jina la kuyapenda majaaliwa. Nietzsche aliandika mwaka 1882 kwamba anataka kujifunza kuliona zuri lile lisiloepukika, na hilo liwe pendo lake. Camus, mwaka 1942, akamchukua Sisifo wa Wayunani, yule anayesukuma jiwe mlimani na jiwe linarudi chini kila mara, akasema tumwone kuwa ana furaha. Katika Kiswahili, Euphrase Kezilahabi ndiye aliyeyaleta maswali haya ndani kabisa ya nyumba. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, ana elimu, ana maswali yote makubwa, na mwisho wake anajiua. Nikimweka Kazimoto karibu na Kinjeketile ninaona tofauti moja. Kazimoto anauliza maisha yana maana gani kama mtu aliye peke yake chumbani. Kinjeketile hayuko peke yake hata akiwa kwenye pingu. Kuna watoto ambao kesho wataambiwa kitu. Maana ya kifo chake haimo kichwani mwake tu. Imo katika simulizi itakayobaki kijijini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kuyapenda majaaliwa ni fikra ya kigeni tunayoibandika juu ya kazi zetu. Kwetu fikra hiyo ipo, ila haiwi ya mtu mmoja na jiwe lake. Ina majirani, ina watoto, ina deni.

Hata dini iliyotulea Kilwa haikutufundisha ulegevu tunaousingizia. Kuamini kudra ni nguzo ya imani, hilo halina mjadala. Lakini madrasa ile ile iliyotufundisha kudra ilitufundisha pia habari ya yule bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Sisi tumelishika la kumtegemea Mungu, kamba ya ngamia tukaitupa.

Hapa lazima nimpe nafasi anayempinga Kinjeketile, kwa sababu pingamizi lake ni zito na tamthilia yenyewe inalijua. Pingamizi liko mdomoni mwa Kitunda. Kama maji ni uongo na watu bado wanakufa kwa kuyaamini, kunyamaza kwako si ushujaa, ni kuwaua. Una haki ya kuyapenda majaaliwa yako. Una haki gani ya kuyapenda majaaliwa ya wengine kwa niaba yao?

Historia inalifanya pingamizi hili liume zaidi. Mtu wa kweli, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, kuing'oa pamba na kuwasha vita. Vita vikaendelea hadi 1907 bila yeye. Majeshi ya Gavana Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Serikali ya Wajerumani ilikadiria kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mbele ya hesabu ya namna hiyo, mtu unaona aibu hata kuandika neno falsafa.

Lakini angalia Hussein alichokifanya. Katika utangulizi wake anatuonya kwamba Kinjeketile wake siye yule wa historia, na hata tahajia ya jina ni tofauti. Wengi husoma onyo hilo kama adabu ya mwandishi kwa wanahistoria. Mimi sasa nalisoma kama ufunguo. Kinjikitile wa historia alinyongwa kabla hajauona mwisho wa neno lake. Alikufa huenda akiwa bado na imani, huenda bila imani, lakini kwa vyovyote alikufa mapema. Hussein akampa mtu wake kile ambacho historia ilimnyima mwenzake: muda. Alimwacha hai hadi aone maji yakishindwa, aone maiti, asikie lawama. Ndipo akamuuliza. Kwa sababu huwezi kukubali jambo ambalo hujaliona. Anayekubali kabla hajaona anabahatisha tu.

Je, hilo linamjibu Kitunda? Kwa maoni yangu, halimjibu lote. Kinjeketile angeweza kusema, "Maji ni uongo, lakini kupigana kwetu ni haki." Ndiyo sentensi ambayo kila nikiusoma mwisho ule natamani aitamke. Hakuitamka. Unaweza kumtetea kwamba Mjerumani hakumpa nafasi ya sentensi ndefu. Alimpa swali la ndiyo au hapana, na mwenye kuuliza swali la ndiyo au hapana huwa ameshachagua atakachokifanya na jibu lako. Hapo namwelewa. Bado nina kinyongo naye. Nadhani Hussein alitaka nibaki nacho, maana angetaka tumshangilie bila kinyongo angemwondoa Kitunda kwenye chumba kile. Hakumwondoa. Alimfunga pale pale, pembeni ya shujaa, awe swali lisiloisha.

Lawama yangu nyingine kwa tamthilia ni kuhusu wanawake. Wanaanza vizuri: wao ndio wanaotufahamisha njaa. Kisha kadiri vita vinavyokaribia sauti zao zinapungua, na mwisho swali la namna ya kuyabeba majaaliwa linabaki kwa wanaume wawili gerezani. Baada ya kunyongwa kwa mume, nani anabaki kuishi na lile neno? Nani anampikia mtoto ambaye kesho ataambiwa baba yako alikosea? Tamthilia haitupeleki huko, na mimi nilikuwa naelekea huko huko, kwa mwanamke wa aina hiyo, ila nimechelewa.

Bibi hakuwahi kuisoma Kinjeketile. Lakini alikuwa na methali aliyoitumia kuliko zote: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtu akimletea malalamiko, ndoa, biashara, masomo, anamsikiliza mpaka mwisho kisha anamwambia hivyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani anawafukuza. Babu alikufa baharini wakati wa kusi, mimi sijazaliwa. Mwili ulipatikana Songosongo, ukazikwa huko na watu asiowajua, na habari zikamfikia Kivinje wakati yote yameisha. Watu walimwambia majaaliwa. Akakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, akaanza kukaanga vitumbua, na kwa vitumbua hivyo akasomesha watoto watano, mmoja wao baba yangu.

Aliwahi kunisimulia kwamba katika siku zile alikuja mtu mmoja wa heshima kumpa pole, akamwambia kwamba mumewe aliponzwa na tamaa, bahari ilikuwa chafu na hakupaswa kutoka. Bibi akamjibu, "Alitoka kwa sababu ndani hamkuwa na unga. Kufa amekufa, hilo nimelipokea. La tamaa lirudishe ulikolitoa." Alipokuwa ananisimulia alicheka. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nikacheka pia, nikasahau.

Pale Somanga, ukurasa wa mwisho wa kitabu ukiwa wazi mapajani, nikakumbuka. La kufa nimelipokea. La tamaa lirudishe. Jamani, hiyo ndiyo sentensi ndefu ambayo Kinjeketile hakuipata! Mwanamke wa Kivinje aliitamka mlangoni kwake, unga mikononi, bila kuhitaji jukwaa. Kifo alikipokea chote, akakaa eda, hakumnung'unikia Mungu hata siku moja niliyowahi kusikia. Maelezo ya mkubwa aliyakataa yote. Na wala hakujipaka maji ya aina yoyote: hakusema Babu atarudi, hakusema haumii. Aliyavulia nguo, akayaoga.

Ile methali nayo naisikia tofauti sasa. Haisemi maji yakikukumba basi tulia ulowe. Inasema maji uliyoyavulia nguo. Kuna kitendo cha mtu ndani yake, kuna kuchagua. Bahari hukuichagua, lakini kuna sehemu ya maisha haya uliyoivulia nguo mwenyewe: ulioa, ulizaa, ulipanda, ulisema neno. Sehemu hiyo huna wa kumwachia. Kinjeketile hakumchagua Hongo, kama Hongo yupo. Neno alilitamka kwa mdomo wake.

Nilifika Kivinje baada ya siku kadhaa. Baba mdogo alinipeleka makaburini, tukasoma fatiha, akanionyesha udongo ambao mvua ilikuwa imeshaanza kuushusha. Akaniambia, "Usijilaumu, ndiyo majaaliwa." Safari hii neno halikunikasirisha. Nikamwambia, "La njia kukatika nimelipokea, baba mdogo. Lakini Idi tatu sikuja, na njia ilikuwa nzima. Hilo ni langu." Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Umekuwa kama yeye." Tukaanza kuurudishia udongo.

Nimerudi darasani na swali jipya la Kinjeketile. Zamani nilikuwa nauliza, "Thibitisha kwamba Kinjeketile ni shujaa." Sasa nawauliza wanafunzi watatu watatu: mmoja awe Kinjeketile, mmoja Kitunda, na mmoja awe Bi Kinjeketile siku ya pili baada ya kunyongwa, mnyapara amekuja mlangoni na maelezo yake. Wajibizane. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, binti aliyekuwa Bi Kinjeketile alikaa kimya muda mrefu hadi wenzake wakaanza kucheka, kisha akamwambia mnyapara, "Umemaliza? Haya, nipishe, nina watoto hawajala." Sikujua nimpe alama ngapi.

Kama kitabu hiki kiko kabatini kwako na mara ya mwisho ulikisoma kwa ajili ya mtihani, kitoe. Ni kifupi, kinaisha usiku mmoja. Kisome bila kutafuta dhamira nne. Ukifika pale gerezani, simama kidogo, ujiulize: katika yale yaliyokupata, lipi umelipokea, na lipi ni maelezo ya mtu tu ambayo ungeweza kuyarudisha yalikotoka?